Waya Uliomzunguka Mwenyekiti

Tulipomzika Mzee Ombati kule Manga mwezi uliopita, mshereheshaji alisimama karibu na jeneza, akashika kipaza sauti, akasimulia kisa cha waya. Waombolezaji walicheka mpaka wengine wakafuta machozi ambayo muda mfupi kabla yalikuwa ya huzuni. Alisema marehemu, enzi zake akiwa mwenyekiti wa kiwanda cha chai, alibarikiwa kupata mkwe mwenye adabu kuliko wakwe wote wa Gusii. Mkwe huyo alikuwa fundi wa kompyuta. Akatakiwa apitishe waya darini, juu ya ofisi ya baba mkwe wake, naye akakataa katakata kutambaa juu ya kichwa cha mzee. Akauzungusha nyuma ya jengo zima mpaka ukafika ulikokuwa ukienda. "Hiyo ndiyo ensoni!" akapaza sauti, na hema lote likapiga makofi. Ensoni ni ile haya ya heshima tunayowekeana sisi Wagusii, kati ya mkwe na wazazi wa mkewe, kati ya mtoto na rika la baba yake. Mkwe mwenyewe, Mokaya, sasa ana kitambi na koti la Nairobi, alikuwa ameketi safu ya mbele na mkewe, ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na migomba, nimekunja mikono, damu inanichemka. Kisa kilikuwa kimekatwa mkia. Katika umati wote ule hakuna hata mmoja aliyeuliza kama huo waya ulifanya kazi.

Habari za kwetu naziruka. Wazazi walikuwepo, ng'ombe alikuwepo, Sabato tulikwenda kanisani, inatosha. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, nikijifunza kuunganisha kompyuta kwa nyaya katika chumba kimoja pale Keroka. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi, ikakaa kwenye nguo mpaka jioni. Kulikuwa na meza mbili, maboksi ya nyaya, na dirisha lililotazama malori ya barabara ya Kericho. Mwenye kazi alikuwa Bwana Ondieki, mtu mwembamba aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi akarudi nyumbani na ujuzi wake. Wanafunzi tulikuwa wawili, mimi na Mokaya, kijana mrefu mcheshi, mwenye Sheng nyingi na viatu safi. Ondieki alitufundisha vizuri. Hilo simnyimi hata leo. Alitufundisha kumenya waya bila kuujeruhi, kupanga zile nyuzi nane kwa rangi zake, nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, na kuendelea, kisha kuzibana kwenye kichwa cha plastiki kwa koleo. Mimi nilizikariri rangi hizo kama fungu la shule ya Sabato, nikawa nazitamka nikikama ng'ombe, mama akidhani nimeshikwa na mapepo.

Alitufundisha pia kwamba kazi huanza chini kwa penseli, haianzi juu ya ngazi. Uchore jengo, upime kila ukuta, ujue kila waya unatoka wapi na unaingia wapi. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukamwigiza akiwa hayupo: "Waya mmoja hauvuki mita mia! Ukivuka hapo, habari inachoka njiani, kama mtu aliyebeba gunia kupanda Manga." Mokaya alijua kuiga sauti yake ile ya puani, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Saa sita tulishuka kwa mama mmoja nyuma ya steji, tukala ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo ikipikwa na maziwa inakufanya usahau kuwa una bosi. Mokaya alinimegea nyama siku alizokuwa nayo. Sisemi haya ili mumpende. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba aliyekuponza alikuwa mbaya tangu mwanzo.

Siku moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao laini uliotenga ofisi ya Ondieki, nikibana vichwa vya nyaya, nikamsikia akizungumza na rafiki yake. "Mwaka ukiisha nabaki na fundi mmoja," alisema. "Yule kijana atanifaa. Msichana nitamweka kaunta auze kadi za simu. Ana tabasamu zuri." Rafiki akauliza, "Na mkono wake wa kazi je?" Ondieki akajibu bila kusita, "Mkono anao, tena kumshinda kijana. Lakini fundi asiyepanda dari ni fundi gani? Na nani hapa kwetu atamruhusu msichana apande juu ya wazee?" Koleo likanidondoka. Ati tabasamu! Nilijipinda miezi yote ile kwa ajili ya tabasamu? Tangu siku hiyo sikutabasamu tena ndani ya chumba kile, hata Mokaya akaniuliza kama jino linaniuma. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Juu ya mtaka cha darini hawakusema kitu, labda hawakufikiria kwamba angekuwa mwanamke. Nikaapa kuwa huo mwaka hautaisha kabla sijapanda.

Kazi kubwa ya mwaka ikaja kutoka kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyamira. Sikitaji jina, na si hicho unachokidhania. Walitaka kompyuta ya ofisi ya mizani, ambako majani ya wakulima hupimwa, izungumze na seva, ile kompyuta kubwa iliyokaa chumba cha uhasibu upande wa pili wa jengo. Katikati ya vyumba hivyo viwili ilikuwapo ofisi ya mwenyekiti, Mzee Ombati, mwenye kofia ya manyoya na sauti iliyozoea kutiiwa. Mimi ndiye niliyechora mpango. Nilipima kwa tepu nikiwa sakafuni, kwa kuwa sakafu sikunyimwa, nikachora mstari ulionyooka: kutoka uhasibu, juu ya dari ya mwenyekiti, mpaka mizani. Ulitoshea chini ya mita mia, na baki ilikuwa kubwa. Ondieki akautazama, akatia saini. Kisha akampa Mokaya ngazi, akanipa mimi ufagio nifagie vumbi litakaloanguka. Niliufagia ule uchafu kwa hasira hata karani wa mizani akakohoa akatoka nje.

Waya ukawekwa, Mokaya peke yake juu na sisi tukimngoja ndani, kompyuta zikawashwa, meneja akatupa chai ya kiwandani isiyo na maziwa, nyekundu kama udongo wa barabarani. Asubuhi mtandao ulishika. Mchana, mashine zote zilipokuwa zikinguruma, ukakatika. Kesho yake vivyo hivyo, asubuhi unashika, mchana unakata. Wakulima wakasimama mlangoni na vikapu vyao, majani yanachemka jua kali, karani anaandika kwa mkono huku akitukanwa kwa lugha ambayo siwezi kuirudia mimi Msabato. Ondieki alibadilisha kila kitu alichoweza kukifikia. Alibana vichwa upya. Alibadilisha swichi, kile kisanduku chenye matundu ambamo nyaya hukutana. Wapi! Meneja akamwambia wazi kwamba kufikia Ijumaa ataleta mafundi kutoka Kisumu. Mokaya siku zile hakuwa na utani. Alikula akitazama sahani, na nilipomwuliza anaonaje, akasema, "Manze, mimi sijui," jambo ambalo hajawahi kulisema tangu azaliwe.

Asubuhi ya Alhamisi Ondieki alikwenda Kisii mjini kutafuta swichi nyingine. Mimi nikabaki mizani, nimechutama, naangalia ncha ya waya. Ganda la waya wa mtandao limechapwa namba kila mita, kama tepu ya fundi cherehani. Nikasoma namba ya pale, nikaenda chumba cha uhasibu, nikasoma namba ya ncha ya pili, nikatoa ndogo kwenye kubwa. Nilirudia hesabu mara mbili kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Waya niliouchora mfupi ulikuwa umevuka mita mia, na ukazidi hapo vizuri sana. Nikatoka nje, nikaufuata kwa macho chini ya mapaa, na huo, ulikuwa umejipitia zake nyuma ya jengo, ukapakana na chumba cha bwela kinachotoa moto wa kukaushia majani, ukazunguka kona zote mbili kabla ya kuingia mizani. Urefu wenyewe ulikuwa kosa, na joto la mchana likamalizia.

Nilimkuta Mokaya kwenye kantini na kikombe cha chai kilichopoa. "Kwa nini umeuzungusha?" nikamwuliza, sikupiga kona. Alitazama mlango kwanza. "Kemunto, punguza sauti. Ng'ombe wangu wako kwa yule mzee. Namwoa Moraa, binti yake. Ningetambaaje juu ya kichwa cha baba mkwe wangu, na yeye ameketi chini yangu anakunywa chai?" Nikakisukuma kando kikombe chake. "Si ungeniambia?" "Ningesemaje? Ningemwambia Ondieki kazi imenishinda?" Nikamwambia basi nitauvuta mimi, kwa njia niliyoichora. Akacheka, lakini cheko la uoga. "Wewe? Mimi ni mkwe, wewe ni msichana wa rika la mabinti zake. Hata sijui lipi baya zaidi." Nikamwambia akae hapo hapo atafakari lipi baya zaidi, mimi nachukua ngazi.

Nilivaa suruali ndani ya ovaroli, nikafunga kitambaa kichwani, nikabisha hodi ofisi ya mwenyekiti. Alikuwamo na wakurugenzi wengine, wazee watupu, birika mezani, mahindi ya kuchoma kwenye sinia. "Shikamoo wazee. Naomba nafasi. Nataka kupitisha waya hapa juu." Mzee Ombati akanitazama kutoka kitambaa mpaka viatu. "Yuko wapi Mokaya?" Nikasema yuko kantini, kazi hii ni yangu. "Baba yako ni nani, mwanangu?" "Baba yangu ni rika lako, mzee." "Basi wewe ni binti yangu. Umeona wapi binti akipanda juu ya kichwa cha baba yake?" Nikaishika ngazi sawasawa. "Sijaona, mzee. Ndiyo maana nimekuja kukuomba utoke." Mzee mmoja akapaliwa na chai. Ombati akaweka gunzi chini polepole. "Unanitoa ofisini mwangu?" "Si mimi, ni ensoni. Ukikaa tutaaibika sote wawili. Ukitoka, hakuna wa kuaibika, na wakulima watapimiwa majani yao." Nikaisimamisha ngazi katikati ya chumba, mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza, nikangoja. Hakuna aliyemfundisha mzee yule nini cha kufanya msichana akimletea mila yake mwenyewe mkononi. Akainuka, akajibebea kiti chake, na wenzake wakamfuata na vya kwao, mmoja na sinia la mahindi.

Huko juu kulikuwa na vumbi la miaka, kinyesi cha popo, na boriti zilizonigonga paji la uso. Nilitambaa kwa tumbo nikiwa nauvuta waya mpya nyuma yangu, na furaha niliyokuwa nayo nashindwa kuieleza. Nilikuwa nimefika. Kupitia tundu la hewa niliwasikia wazee nje kwenye nyasi, wameugeuzia jengo mgongo. "Huyu amefunzwa na nani?" "Na ataolewa na nani?" "Na ngazi!" Wakacheka. Chekeni, nikasema moyoni, chekeni sana, mko nje na mimi niko ndani. Nikashukia mizani, nikabana vichwa, nikachomeka. Karani akapiga kelele, "Imeshika!" Nikamwambia angoje mchana. Mchana ukafika, mashine zikanguruma, bwela likatema moto, na majina ya wakulima yakaendelea kupita kwenye kioo moja baada ya jingine bila kukatika.

Ondieki aliporudi na swichi kwapani, alikuta wakurugenzi wangali nje na meneja amesimama katikati yao akichekelea. Nikaeleza kosa lilikuwa nini, nikawaonyesha namba za ule waya wa zamani. "Na kwa nini uliwekwa mrefu hivyo?" Mzee Ombati akauliza. Mokaya akatazama viatu vyake safi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba aliona haya kupita juu ya kichwa cha mzee. Nilidhani dunia itamwangukia. Mzee Ombati alicheka mpaka kofia ikahama. "Huyo ndiye mkwe! Mmesikia? Afadhali mtandao ufe, heshima ibaki!" Wazee wote wakaitikia, mmoja akamkatia Mokaya hindi. Wakulima wamechomwa na jua siku zote zile, majani yameharibika, na aliyeharibu anapewa mahindi! Mimi nilisimama pale na vumbi kwenye nyusi. Ndipo Ondieki akanigeukia. "Kemunto, mwombe mzee msamaha, yaishe." "Msamaha wa nini?" "Wa kupanda." Nikaelekeza kidole paani. "Kama kupanda kulikuwa kosa, sawa. Narudi juu sasa hivi nikaung'oe huo waya, niwarudishie ule wenye heshima." Nikaenda kwenye ngazi. Meneja alikimbia mbele yangu amenyoosha mikono yote miwili. "Hapana, hapana! Usiuguse!" Nikawaangalia wote. "Waya mnautaka. Aliyeuvuta hamumtaki." Msamaha sikuomba.

Tukiwa garini kurudi Keroka, Ondieki alisema nilichofanya kilikuwa sawa, nilichosema ndicho kibaya, na kwamba Jumatatu nianze kaunta. Nikamwambia Jumatatu sitakuja. Mokaya alikuwa amekaa kati yetu, akatazama barabara, na fundi akabaki yeye. Nililia, ndiyo, nani asingelia? Nililia nikiupanda mlima wa Manga kwa miguu kwenda nyumbani, na nilipofika juu nilikuwa nimemaliza. Koleo lilikuwa langu, nilikuwa nimelinunua mwenyewe, kwa hiyo nikaenda nalo. Kazi yangu ya kwanza peke yangu niliipata mwaka uliofuata katika shule ya wasichana, kwa mtawa mkali aliyetaka waya upite juu ya mabweni na ambaye alikuwa ameapa hakuna mwanamume atakayetambaa juu ya vitanda vya wasichana wake. Nikamwambia, Sista, umepata mtu. Sasa nina duka langu Kisii mjini, magoti yamechoka, na wasichana ninaowafundisha ndio wanaopanda. Ninapoajiri, tabasamu siliangalii.

Basi, huko kwenye mazishi makofi yalipotulia, mshereheshaji akauliza kama kuna mwingine mwenye neno fupi kuhusu marehemu. Nikainuka kutoka kwenye migomba. Nilipita katikati ya viti vyote vile, nikasikia mtu akinong'ona, "Huyu naye ni nani?" Nikashika kipaza sauti. "Naitwa Kemunto," nikasema. "Kisa cha waya ni cha kweli, lakini hakijaisha. Waya uliozunguka kwa heshima haukufanya kazi. Ukafanya kazi ule uliopita juu ya kichwa cha mzee. Niliupitisha mimi. Niliambiwa nimwombe radhi nikakataa, na leo niko mbele ya jeneza lake na bado nakataa. Mungu amlaze pema." Mokaya aliinua kichwa, akanitazama moja kwa moja, akaitikia kwa kichwa mara moja mbele ya wakwe zake wote. Kisha mjane, mama mzee aliyejifunika leso karibu na jeneza, akasema kwa sauti iliyosikika bila kipaza sauti, "Ni kweli. Alirudi nyumbani siku hiyo akaketi jikoni, akaniambia: leo kuna msichana amenitoa ofisini, na alikuwa na haki."

Watu wakaguna, wengine wakacheka taratibu, na mshereheshaji akanyoosha mkono achukue chombo chake. Walitarajia, nadhani, kwamba nitalainika. Sikulainika. Alimwambia mkewe, jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na vumbi kwenye nyusi, na kazi yangu ilikuwa imebaki kwenye ulimi wake. Neno hilo moja angelisema pale kwenye nyasi, Ondieki asingethubutu kunipeleka kaunta. "Asante, mama," nikamwambia mjane, kwa kuwa yeye hakuninyima kitu. "Ningependa kulisikia kwake." Nikarudisha kipaza sauti. Njiani kwenda kwenye kiti changu msichana mmoja wa ukoo, mwenye sahani mkononi, aliniuliza kama ningependa kula huku nyuma au pale mbele na wakwe. Nikamwambia mbele. Nikaketi karibu na Mokaya, nikala wali na nyama ya nyumbani kwa Mzee Ombati, nikaongezwa, nikashiba.